Kabla ya kutoa laki tisa na nusu, mwite fundi apime ethi

SWALI: Naishi Nyegezi, Mwanza, nyumba ya kupanga. Nina amplifaya ya zamani ya Sansui aliyoniachia marehemu baba, deki ya santuri, spika mbili za mbao, televisheni na king'amuzi. Vyote nimevichomeka kwenye ekstensheni moja. Jioni taa zinafifia, na spika zinavuma "mmmm" hata kabla muziki haujaanza. Siku nyingine nikigusa bodi ya amplifaya napigwa kashoti kadogo. Muuzaji mmoja wa Kariakoo ananishawishi nichukue pawa kondishena ya shilingi 950,000. Anasema itasafisha umeme, itaondoa mvumo, italinda vifaa na sauti itafunguka. Je, nichukue?

JIBU: Usichukue, walau kwa sasa. Kwa maelezo yako, ndugu yangu, una matatizo matatu tofauti ambayo yamekutana kwenye ekstensheni moja: umeme mdogo wa jioni, ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) ambayo nina wasiwasi haipo, na mvumo ambao kwa kiasi kikubwa unatoka kwenye vifaa vyako na nyaya zinazoviunganisha. Boksi analokuuzia halitibu hata moja kati ya hayo, na hilo la ethi linaweza hata kulizidisha. Katika ahadi zake nne, yenye ukweli ni ile ya kulinda vifaa, tena kwa masharti nitakayoyaeleza.

Tuanze na boksi lenyewe. Ukilifungua la aina hii, lenye soketi sita au nane kwa nyuma na kioo cha kuonyesha volti kwa mbele, utakuta nyaya, sakiti breka ndogo, vidude vya duara bapa mfano wa sarafu, kapasita (vihifadhi chaji) kadhaa, na koili moja au mbili zilizozungushwa kwenye pete nyeusi. Vile vidude vya duara ni varista. Volti ikiruka ghafla kupita kiwango chake, varista inafunguka na kuumeza ule mshindo kabla haujafika kwenye kifaa chako. Koili na kapasita kwa pamoja ni kichujio: vinazuia kelele za masafa ya juu, za makumi na mamia ya maelfu ya hezi (mitetemo kwa sekunde), zinazomwagwa kwenye nyaya za nyumba na chaja za simu, taa za LED na mota. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Hamna transfoma ya kupandisha umeme ulioshuka. Kile kioo kinakusomea tu: umeme ukishuka hadi volti 175 kitaandika 175, na soketi zote nane zitatoa 175 vilevile.

Sasa chukua ahadi ya kuondoa mvumo. Umeme wetu unakwenda kwa hezi 50, na kichujio chochote kinachochomekwa ukutani ni lazima kiziruhusu hezi 50 zipite, la sivyo amplifaya haitawaka. Mvumo wako nao ni wa hezi 50, au wa 100. Kichujio kilichotengenezwa makusudi kipitishe hezi 50 kitaukamata vipi? Hili peke yake lingetosha kumaliza mazungumzo na muuzaji, lakini wengi hawaulizi.

Tena amplifaya haiuchezi ule umeme wa ukutani moja kwa moja. Unapita kwanza kwenye transfoma, ukageuzwa na rektifaya kuwa wa upande mmoja, kisha ukatuama kwenye kapasita kubwa kabla ya kufika kwenye transista zinazosukuma spika. Hatua za mwanzo, zile zinazopokea sauti ndogo, huwa zina regyuleta yake, kidude cha kushikilia volti isiyumbe, juu ya hapo. Kelele nyingi zinafia njiani. Mvumo unaousikia kwa kawaida umeingilia mlango mwingine: waya za sauti, au kapasita zilizochoka.

Na huo unaweza kuutafuta mwenyewe, jioni moja, bila kutumia hata senti. Zima amplifaya, halafu chomoa nyaya zote za sauti zinazoingia nyuma yake: deki ya santuri, televisheni, king'amuzi, waya wa simu kama unao. Acha spika tu. Washa, weka sikio karibu na wufa (ile spika kubwa ya besi), geuza volyumu polepole kutoka sifuri kwenda juu.

Mvumo ukiwa bado upo, na haubadiliki unapogeuza volyumu, ugonjwa uko ndani ya amplifaya, baada ya kitufe cha volyumu. Hapo sikiliza sauti yenyewe. Mvumo wa hezi 50 ni mzito na laini. Wa hezi 100 ni mkali zaidi, una "zzz" ndani yake, na ndio wa pawa saplai, kwa sababu rektifaya inatumia pande zote mbili za wimbi na hivyo kapasita zinajazwa mara 100 kila sekunde. Sansui nyingi zinazozunguka huku kwetu ni za miaka ya 1970 na 1980. Kapasita za aina ile zina majimaji ndani, na kwa umri huo majimaji yamekauka. Dawa ni kubadilisha. Mwambie fundi asiweke yenye volti pungufu ya ile iliyokuwepo, na achague zilizoandikwa nyuzi 105 kuliko 85, maana chumba cha Mwanza mchana kina joto na ndani ya amplifaya ndiyo zaidi. Usizifungue mwenyewe: kapasita hizo zinabaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi.

Kama amplifaya ni kimya kabisa nyaya zikiwa zimechomolewa, furahi, ni nzima. Anza kurudisha moja moja. Mvumo ukija unapochagua PHONO, tazama nyuma ya deki ya santuri: kuna waya mwembamba wa peke yake, mara nyingi wa kijani au mweusi, unaotakiwa kubanwa kwenye skrubu iliyoandikwa GND nyuma ya amplifaya. Ukiwa umelegea au umekatika, deki inavuma. Sindano ya santuri inatoa volti ndogo mno, milivolti tano hivi kwa zile za kawaida, na sehemu ya PHONO inaikuza mara mia moja. Kwa besi za karibu hezi 50 inaikuza mara mamia kadhaa. Kwa hiyo hata kuiweka deki juu ya amplifaya, jirani na transfoma yake, kunaweza kuleta mvumo. Isogeze pembeni, mita moja hivi, usikie tofauti. Watu wanauza amplifaya nzima kwa sababu ya skrubu hiyo moja.

Mvumo ukija unaporudisha king'amuzi au televisheni, na mimi kwa maelezo yako ndipo ninapopashuku zaidi, chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi huku amplifaya ikiwa imewaka na volyumu iko chini. Ukinyamaza papo hapo, umempata mwizi. Dishi limefungwa kwenye nguzo ya chuma au kwenye bati, na chuma hicho kina njia yake ya kwenda ardhini. Vifaa vyako vina njia nyingine. Kati ya njia hizo mbili kunapita mkondo mdogo, unapita kwenye ganda la waya wa sauti, na amplifaya inaukuza kama inavyokuza muziki. Kondishena haiwezi kuuona kwa sababu haupiti kwake. Kinachosaidia ni kutenganisha njia ya sauti: kuna transfoma ndogo za kuweka katikati ya waya wa sauti, wanaouza redio za magari wanazo kwa sababu mvumo huu unasumbua magari pia. Njia safi zaidi ni waya wa mwanga (optical). Kama televisheni yako ina tundu hilo la mwanga kwa nyuma, nunua kiboksi kidogo cha kugeuza sauti ya kidijitali kuwa ya kawaida, kisha toka hapo kwenda kwenye Sansui. Kwenye mwanga hakuna umeme unaovuka, hivyo hakuna kitu cha kuvuma.

Kuna ushauri mmoja utaupata mtaani nao ni wa hatari: kukata au kuuachia wazi waya wa ethi kwenye plagi ya pini tatu. Mvumo unaweza kuondoka kweli. Na siku waya wa fezi, ule unaoleta umeme, ukilegea ndani ya kifaa, bodi yote inakuwa na umeme wa kuua, hakuna fyuzi itakayokatika.

Hapo ndipo tunafika kwenye kashoti kako, na naomba usikachukulie kirahisi. Kuna aina mbili. Ya kwanza ni mvujo mdogo wa kawaida: televisheni na ving'amuzi vya pini mbili vina kapasita ndogo ndani inayounganisha upande wa umeme mkubwa na upande wa sauti, na bodi ya amplifaya, ikiwa haina ethi, inaishia kuelea kwenye makumi ya volti. Unausikia kama kumtekenya mtu, hasa ukipitisha mgongo wa mkono, lakini mkondo wenyewe ni chini ya miliampia moja. Ya pili ni waya au transfoma iliyochakaa insulesheni (ganda la kuzuia umeme) ndani ya amplifaya ya miaka arobaini, na hiyo inaua. Testa ya bisibisi haitakutofautishia. Itawaka katika hali zote mbili. Kwa hiyo mpaka fundi aipime insulesheni ya Sansui, ichomoe ukutani kila unapomaliza, na usiiguse huku umeshika dishi, bomba au umesimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji.

Fundi huyohuyo apime ethi ya soketi. Vipimo ni vitatu: fezi kwa nyutro (waya unaorudisha umeme), fezi kwa ethi, nyutro kwa ethi. Kwenye nyumba yenye afya viwili vya kwanza vinakaribiana, na cha tatu ni volti chache, moja, mbili, tatu. Cha tatu kikisoma makumi ya volti, au namba inatangatanga, ethi yako inaning'inia hewani: soketi ina tundu la tatu, lakini waya wake hauendi popote. Hilo ni jambo la kawaida mno kwenye nyumba zetu za kupanga. Lipo baya zaidi. Fundi mwingine, akibanwa na mwenye nyumba asiyetaka gharama, anaunganisha ethi na nyutro kwa kipande cha waya ndani ya soketi. Ukipima, namba zinapendeza kabisa. Siku nyutro ikikatika nje, bodi za friji, amplifaya na kila chenye pini tatu zinageuka fezi. Kwa hiyo usiridhike na mita peke yake. Mwambie azime meni swichi, afungue soketi, mtazame pamoja waya wa kijani na njano umekwenda wapi.

Na sasa utaona kwa nini kondishena ingeweza kukuongezea tatizo. Kichujio chake kina kapasita mbili za kwenda ethi, moja kutoka fezi na nyingine kutoka nyutro. Ethi ikiwa nzima, kelele zinashuka ardhini na kazi inafanyika. Ethi ikiwa haipo, sehemu ya katikati ya kapasita hizo mbili inakaa nusu ya umeme wa ukutani, kama volti 115, na sehemu hiyo ndiyo bodi ya chuma ya kondishena pamoja na kila kifaa cha pini tatu ulichokichomeka humo. Mkondo ni mdogo, lakini ule mtekenyo utaongezeka, na mvumo nao unaweza kuongezeka, kwa shilingi 950,000. Varista zinazoelekea ethi nazo hazitakuwa na pa kuumwaga mshindo.

Mwenye nyumba atasema ethi si kazi yake. Mwambie ni usalama wa nyumba yake, si muziki wako. Fimbo ya shaba, waya wa kutosha, na fundi mwenye leseni na kipimo cha udongo: hiyo ndiyo kazi yote. Ule mtindo wa kumwaga chumvi na mkaa shimoni unasaidia udongo kupitisha umeme, lakini chumvi inaila fimbo na viungio vyake, hivyo shimo hilo linataka kukaguliwa, si kufukiwa na kusahauliwa.

Sasa umeme mdogo. Kabla ya kununua chochote, nunua au azima multimita na upime soketi saa tisa alasiri, saa mbili usiku na saa sita usiku, kwa siku kadhaa, ukiandika. Kiwango chetu ni volti 230, na tofauti ya asilimia kumi juu au chini, yaani kutoka 207 hadi 253, haiisumbui amplifaya yoyote iliyotengenezwa vizuri. Muulize na jirani. Kama taa zinafifia mtaa mzima, laini imezidiwa. Toeni taarifa TANESCO kwa pamoja, maana malalamiko ya nyumba moja hayana uzito wa mtaa. Kama zinafifia kwako tu, hasa jagi au pasi inapowashwa, kuna kiungio kimelegea mahali fulani kati ya mita na soketi yako, na kiungio kilicholegea kinachemka. Hilo ni la kushughulikiwa kesho, muziki utasubiri.

Umeme mdogo unaifanya nini sauti? Kidogo kuliko watu wanavyodhani, hadi kikomo fulani. Volti ikishuka kutoka 230 hadi 180, amplifaya ya wati 50 inabaki na kama wati 30. Inaonekana hasara kubwa, lakini masikioni ni desibeli mbili tu, na ukisikiliza kwa sauti ya sebuleni unatumia wati moja au mbili. Utakachosikia ni ngoma kukwama mapema ukipandisha. Shida inakuja chini zaidi: regyuleta za ndani zinakosa volti ya kufanyia kazi, ule mvumo wa hezi 100 unapenya, na rilei ya spika (swichi inayojiendesha kwa umeme) inaweza kuachia na kushika, tak, tak. Kama mvumo wako unakuja saa za taa kufifia tu na unapotea usiku wa manane, basi huenda nusu ya ugonjwa ni huu.

Dawa yake ni stabilaiza. Ndani yake mna transfoma yenye hatua kadhaa, na rilei au mota inayochagua hatua kufuata umeme unaoingia. Ya rilei inaruka kwa hatua na kutoa mlio wa "tak" kila inapobadilisha. Ya mota, wanayoiita sevo, inakwenda taratibu na kwa usahihi zaidi, ila brashi zake zinakwisha na baada ya miaka inataka huduma. Kwa sebule kama yako ya rilei inatosha. Chukua ya VA 1000 hadi 1500. Soma kibandiko nyuma ya Sansui, jumlisha televisheni na king'amuzi, haitazidi wati 400 au 500; ziada inahitajika kwa sababu umeme ukiwa 160, stabilaiza inavuta mkondo karibu mara moja na nusu ili itoe 230. Dukani ibebe. Ndani kunatakiwa kuwa na chuma na shaba, na vitu hivyo ni vizito. Imeandikwa VA 2000 na unaiinua kwa vidole viwili? Mrudishie. Nyingi zina kitufe cha kuchelewesha: weka sekunde chache, ile ya dakika tatu ni ya friji. Ikifika nyumbani iweke chini na mbali na deki ya santuri, maana transfoma yake nayo inavuma.

Kwenye Sansui yenyewe kuna jambo la bure. Zile zilizotengenezwa kwa soko la nje nyingi zina kichaguo cha volti kwa nyuma, chenye namba kama 110, 120, 220 na 240. Tazama iko wapi. Kama umeme wako wa usiku wa manane unapanda hadi 245 na kichaguo kimekaa 220, kila kapasita ndani inabeba zaidi ya asilimia kumi kupita ilivyopangwa, mwaka baada ya mwaka. Chomoa plagi, sogeza kwenye 240, hakikisha fyuzi ni ya kiwango kilichoandikwa. Ila fanya hivyo ukiwa na stabilaiza au umeme wa jioni wa kueleweka, maana kwenye 240 umeme mdogo utauhisi mapema zaidi. (Wenye deki na amplifaya za mitumba ya Japani za volti 100, zenu ni habari nyingine: stepdauni, yaani transfoma ya kushusha volti, ni lazima, na deki ya santuri yenye mota ya kufuata hezi, ikitoka upande wa Japani unaotumia hezi 60, huku itazunguka polepole, mizunguko 28 badala ya 33 na ushei kwa dakika, hata umpe umeme msafi namna gani.)

Kuhusu ulinzi. Varista ni nzuri kwa mshindo mfupi, ule wa umeme kurudi baada ya kukatika au radi iliyopiga mbali. Kila mshindo unaipunguza nguvu, na haikwambii imekwisha. Kinachounguza vifaa vingi kwa mpigo katika mitaa yetu ni nyutro kukatika kwenye nguzo. Kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Nyutro ikiondoka, nyumba zilizo kwenye fezi tofauti zinagawana volti hizo kwa kufuata mzigo wa kila mmoja: huyu anapata 120, yule anapata 280, kwa dakika nzima au saa. Varista haikuumbwa kwa kazi ya dakika nzima. Inachemka, inapasuka, saa nyingine inawaka moto. Kinachotakiwa ni kifaa kinachopima na kukata: TV gadi ya kuchomeka kwenye soketi, au rilei ya volti inayofungwa kwenye bodi ya breka, ukaipanga ikate chini ya 170 au 180 na juu ya 260. Wewe ni mpangaji, chukua ya kuchomeka, utahama nayo. Ikae kwanza ukutani, kisha stabilaiza, kisha ekstensheni.

Radi ya Ziwa Victoria usiipe jina la mshindo. Ukanda ule ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi Afrika, na ikipiga karibu hakuna boksi la sebuleni linaloizuia. Wingu likijifunga chomoa plagi, na usisahau waya wa dishi, kwa sababu radi inapenda sana kuingilia huko wakati mtu amejiona amechomoa kila kitu.

Ekstensheni yako sijaisahau. Kuchomeka vyote sehemu moja ni vizuri kwa upande wa mvumo, kwani vifaa vyote vinashiriki ethi moja. Lakini iguse baada ya saa mbili za muziki. Mzigo wako ni ampia mbili hivi, haupaswi kuipasha hata kidogo. Ikiwa ya moto, shaba yake ni ya kudanganyia au vishikizo vimelegea, na kishikizo kilicholegea ndicho kinacholeta ule mkwaruzo wa "krr krr" ambao muuzaji atakuambia ni umeme mchafu.

Ahadi ya sauti kufunguka sitaibishia kwa maneno. Mwombe muuzaji afanye hivi: wimbo uleule, volyumu isiguswe, mtu wa tatu achomeke amplifaya mara ukutani mara kwenye kondishena bila wewe kuona, uandike unachosikia. Muuzaji anayeamini bidhaa yake atakubali. Zipo mashine za aina nyingine, kama zile PS Audio ya Colorado inazoziita Power Plant, ambazo zinautengeneza upya umeme mzima kwa mfano wa amplifaya kubwa na kutoa volti isiyotikisika. Hizo zinafanya kazi ya kweli, na bei yake itakununulia sebule nzima ya vifaa. UPS ya onlaini nayo inafanya kitu cha karibu na hicho kwa bei ya chini, ila ina feni inayopiga kelele na betri za kubadilisha kila miaka michache. UPS za bei nafuu na inveta zenye wimbi la ngazi ziepuke: transfoma ya Sansui itanguruma juu yake.

Kondishena ya kawaida ina mahali pake. Ukishamaliza ethi, kapasita, waya wa dishi na umeme mdogo, na bado spika zinatoa "tak" kila friji inapowaka, au redio ya AM inajaa mikwaruzo jirani akiwasha taa zake, hapo kichujio kina kazi ya kufanya, na kidogo chenye soketi nne kitaifanya sawa na hicho chenye nane na kioo. Kabla ya kulipa geuza boksi usome kibandiko. Nyingi zinazoingia kwa mitumba kutoka Marekani ni za volti 120. Ukiichomeka kwa umeme wetu, varista zake zitapasuka sekunde ileile, na hapo hakuna garanti. Tafuta iliyoandikwa 220–240V, hezi 50.